Alice Ball, mkemia aliyewapa nafuu wagonjwa wa ukoma

Leo tunamkumbuka Alice Ball, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Seattle mwaka 1892. Alisomea kemia ya dawa na ufamasia, kisha mwaka 1915 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili katika Chuo cha Hawaii.

Huko wagonjwa wa ukoma walitengwa na jamaa zao. Mafuta ya mbegu za mti wa chaulmoogra yaliwasaidia kidogo, lakini yakinywewa yalitapisha, yakidungwa yalibaki chini ya ngozi. Alice aliyabadilisha kikemia hadi mwili ukayapokea kwa sindano.

Alifariki mwaka 1916, akiwa na miaka 24. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, aliiendeleza kazi hiyo bila kumtaja. Daktari Harry Hollmann aliandika ukweli mwaka 1922.

Siku hizi ukoma unatibika kwa vidonge. Ukiona baka lisilo na hisia, wahi zahanati.