Paul Bomani

Paul Bomani (1925 – 2005) alikuwa kiongozi wa ushirika, mwanasiasa na balozi kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa kuwaunganisha wakulima wa pamba wa Usukuma, pamoja na maeneo ambayo leo yako katika Mkoa wa Simiyu, na kwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Wizara ya Fedha ya Tanganyika.

Maisha ya awali

Alizaliwa Musoma katika familia ya Kisukuma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma Ikizu, akafanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akahamia Mwanza na kutumikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Ndugu yake, Mark Bomani, baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Ushirika wa pamba

Wakati huo wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi. Wengi hawakuweza kusoma mizani wala stakabadhi. Wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, na Bomani aliongoza juhudi hizo kupitia chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1953 alikwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika Victoria, maarufu kama VFCU, naye akawa meneja mkuu. Shirikisho lilichukua ununuzi wa pamba katika eneo zima, likamiliki vinu vya kuchambulia pamba, na likahesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa zaidi Afrika.

Siasa

Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kilimo na Ushirika, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha. Katika uchaguzi wa 1965 alishindwa ubunge huko Mwanza, nyumbani kwa ushirika alioujenga. Rais Nyerere alimteua tena bungeni na kumpa wizara ya mipango ya uchumi. Tangu 1972 hadi 1983 alikuwa balozi nchini Marekani.

Hesabu za ushirika na mipaka ya uwiano

Mwaka 1966 kamati maalumu ya rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini. Ilikuta upungufu wa watumishi wenye ujuzi, wanachama wasiojua haki zao, na kuingiliwa na wanasiasa. Mwaka 1967 serikali iliiweka VFCU chini ya usimamizi wake, na mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza.

Historia hiyo inaonyesha faida na mipaka ya kuchambua hesabu kwa uwiano. Jumla ya mauzo inaweza kukua huku mkulima akibaki na kidogo. Tuseme chama kinauza pamba kwa shilingi 100, na gharama na makato ni shilingi 20. Uwiano wa gharama kwa mauzo ni asilimia 20. Mauzo yakifika 200 na gharama 60, chama kimekua, lakini uwiano umefika asilimia 30. Kwa kila shilingi 100 za mauzo, mkulima sasa anapata 70 badala ya 80.

Hata hivyo uwiano hausemi kila kitu. Kwanza, pamba ni zao la msimu. Mizania ikifungwa katikati ya ununuzi huonyesha akiba kubwa ya pamba na mikopo mikubwa ya benki; ikifungwa baada ya mauzo, vyote viwili hupungua. Ni chama kilekile, lakini uwiano wa mali na madeni ni tofauti. Pili, bei ya soko la dunia huweza kushusha faida bila kosa la meneja. Tatu, uwiano hutegemea tarakimu zilizoandikwa. Karani akiandika ratili pungufu, hesabu zote zinazofuata zinaweza kulingana na bado mkulima akawa ameibiwa. Katika miaka ya 1960 malalamiko ya mizani yalirudi, safari hii yakielekezwa kwa makarani wa vyama vyenyewe.

Kumbukumbu

Bomani alifariki mwaka 2005. Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 na ni kati ya mikoa inayoongoza kwa pamba nchini. Wakulima wake bado huuza kupitia vyama vya msingi, na suala la mizani na makato bado linawahusu.