Florence Nightingale: Muuguzi aliyegundua kuwa jengo la hospitali linaweza kuua

Ukitaja jina Florence Nightingale shuleni, wengi watakwambia ni yule mama wa taa aliyezunguka wodini usiku akiwaangalia askari majeruhi. Ni kweli. Ila taa hiyo imeifunika kazi yake kubwa zaidi. Huyu ni mwanamke aliyeketi na kalamu, akahesabu maiti moja baada ya nyingine, kisha akawaeleza wakubwa wa Uingereza kwamba hospitali yao ya kijeshi iliua askari wengi kuliko risasi za adui.

Alizaliwa Mei 12, 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa ziarani. Wakampa jina la mji huo. Familia ilikuwa ya mabwanyenye, yenye nyumba mbili kubwa mashambani Uingereza. Baba yake, William Nightingale, alifanya jambo ambalo wazazi wengi wa enzi hizo hawakulifanya: aliwafunza binti zake wawili mwenyewe. Kigiriki, Kilatini, historia, falsafa. Florence akapenda hesabu kupita kiasi.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, alisema alisikia wito wa Mungu. Baadaye akatambua kuwa wito huo ulikuwa wa kuuguza wagonjwa. Nyumbani kukawaka moto! Uuguzi wakati huo ulikuwa kazi ya kudharauliwa, na hospitali zilikuwa mahali pa maskini wasio na pa kwenda. Binti wa tajiri afanye nini huko? Mwaka 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza katika hospitali ya Salisbury. Wazazi wakakataa katakata. Akaletewa mchumba wa maana, mwanasiasa na mshairi Richard Monckton Milnes. Akamkataa.

Hakukata tamaa. Alfajiri kabla wenzake hawajaamka, alisoma ripoti za hospitali za nchi mbalimbali na kuandika takwimu zake. Mwaka 1851 hatimaye akapata mafunzo ya miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka 1853 akapewa usimamizi wa nyumba ya kutibu wanawake mtaani Harley, London. Hebu tazama alichoanza kudai: maji moto yapande kwa mabomba hadi kila ghorofa, chakula kipandishwe kwa lifti, na kengele ziwekwe ili mgonjwa aweze kumwita muuguzi. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Muuguzi anayeshinda akipanda ngazi na ndoo hana muda wa mgonjwa.

Vita vya Crimea vilipozuka, Uingereza na Ufaransa zikisaidia Uturuki dhidi ya Urusi, habari zilifika London kwamba majeruhi wanaoza bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki yake, akamwomba aende. Novemba 4, 1854 akatua Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wauguzi 38.

Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya jeshi la Uturuki, jengo kubwa ajabu lililogeuzwa wodi. Vitanda vilipangwa hadi kwenye korido, na vingenyooshwa vingefika karibu kilomita 6. Kwa nje lilipendeza. Kumbe chini yake palikuwa na mitaro ya majitaka iliyoziba! Upepo ukivuma, harufu na hewa chafu zilipanda kupitia vyoo hadi wodini. Panya walitembea watakavyo. Madirisha hayakupitisha hewa ya kutosha.

Nightingale na wenzake walipiga deki, wakafua mashuka, wakapika chakula cha wagonjwa, wakatafuta soksi, vijiko na taulo. Walifanya kazi usiku na mchana. Lakini askari waliendelea kufa. Kufikia Februari 1855, kiwango cha vifo kilipanda hadi takriban 42 katika kila wagonjwa 100. Waliomalizwa na majeraha walikuwa wachache. Wengi waliangamizwa na kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo.

Machi mwaka huo, serikali ilituma wataalamu watatu: madaktari John Sutherland na Hector Gavin, pamoja na mhandisi Robert Rawlinson. Hawakuleta dawa mpya. Walizibua mitaro, wakaondoa mizoga ya wanyama, ukiwemo wa farasi uliokuwa kwenye njia ya maji ya kunywa, wakapaka kuta chokaa na kutoboa paa hewa ipite. Kufikia Juni, vifo vilishuka hadi wagonjwa 2 hivi kwa kila 100.

Alirejea nyumbani Agosti 1856 akiwa shujaa wa taifa. Mwenyewe hakutaka sherehe. Aliketi na mtaalamu wa takwimu William Farr kuchambua vifo vyote, na hapo ukweli ukamchoma. Awali aliamini askari walikufa kwa sababu walifika wakiwa hoi kwa njaa na baridi. Takwimu zilionyesha vingine: Scutari, hospitali yake mwenyewe, ilikuwa na vifo vingi kuliko nyingine za vita hivyo. Katika vita vyote, Waingereza takriban 16,000 walikufa kwa magonjwa, ilhali waliouawa vitani au kwa majeraha hawakufika 5,000. Mwaka 1857 afya yake ikaanguka, na kwa miaka mingi iliyofuata alifanya kazi akiwa kitandani.

Mtu mwingine angenyamaza, sifa zimlinde. Yeye alichora michoro ya duara yenye rangi, kila mwezi na vifo vyake, ili hata mwanasiasa asiyependa hesabu aone. Mnamo 1858 alichapisha ripoti yake kwa pesa zake na kuisambaza kwa wenye mamlaka. Mwaka uo huo chama cha wanatakwimu cha London kikampokea, mwanamke wa kwanza kabisa.

Kisha akageukia ramani za majengo. Kitabu chake kuhusu hospitali kilichotoka 1859 kilisisitiza kwamba sharti la kwanza la hospitali ni kutomdhuru mgonjwa. Akaeleza namna ya kujenga: majengo marefu, membamba, yaliyotenganishwa ili jua na upepo vipite katikati. Kila wodi iwe na vitanda kama 32, madirisha marefu yatazamane pande zote mbili, dirisha moja kwa kila vitanda viwili. Dari liwe juu. Kuta na sakafu zisinyonye uchafu. Vyoo vikae mwisho wa wodi, mbali na vitanda.

Hakushinda kila mara. Alipinga ramani ya hospitali ya kijeshi ya Netley, iliyokuwa na korido ndefu mbele yenye mandhari ya bahari huku wagonjwa wakibanwa nyuma. Waziri Mkuu Palmerston alikubaliana naye, lakini pauni 70,000 zilikuwa zimeshatumika. Ujenzi ukaendelea. Hospitali ya Herbert, Woolwich, ilifunguliwa 1865 kwa mtindo alioupigania, na mwaka 1871 ikafuata St Thomas', kando ya mto Thames, iliyohifadhi shule yake ya uuguzi.

Pia alikosea. Aliamini hewa chafu yenyewe ndiyo huzaa maradhi, akachelewa kukubali habari za vijidudu. Wodi ya wazazi aliyoianzisha katika hospitali ya King's College ilifungwa 1867 baada ya kina mama kufa kwa homa ya uzazi. Hapo tena alikusanya takwimu, akabaini kwamba wanaojifungulia nyumbani walikufa kidogo kuliko wa hospitalini, akaandika kitabu kuhusu hilo pia.

Florence Nightingale alifariki Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia ilikataa kumzika Westminster Abbey pamoja na wafalme, ikamzika kijijini East Wellow kama alivyotaka.

Je, ramani zake zimepitwa na wakati? Mwaka 2007, watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha matokeo yao: wodi za zamani zenye dari la juu na madirisha makubwa zilipunguza hatari ya kuambukizwa TB kuliko za kisasa. Mnamo 2009, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kutumia upepo wa asili wodini. Dirisha halili stima, na umeme ukipotea, hewa haikatiki. Kwa hivyo, kijana, ukienda kumjulia hali mgonjwa, inua macho. Hesabu madirisha, angalia kama yanatazamana, na kama yamefunguliwa.