Lee Wulff, mvuvi aliyerudisha samaki majini

Lee Wulff alikuwa mvuvi wa Marekani. Alizaliwa Alaska mwaka 1905, akasoma uinjinia, kisha uchoraji huko Paris.

Wakati ule wavuvi wa samaki trauti walitumia vidudu vya uongo: ndoana iliyofungwa manyoya ya ndege. Vililowa upesi, vikazama. Karibu na mwaka 1930 Wulff akachukua nywele za mkia wa paa, akazifunga kwa uzi: zingine nyuma kuwa mkia, zingine mbele kusimama kama mabawa. Basi kidudu kikaelea hata mu maji yenye kwenda mbio, na trauti akadanganyika.

Lakini tunamsifu zaidi juu ya neno lingine. Mu kitabu chake cha mwaka 1939 alifundisha kwamba samaki mzuri arudishwe majini akiwa mzima, apate kuvuliwa tena. Namna gani kuachilia kitoweo? Kweli, yeye alivua kwa mchezo, sisi tunavua kwa chakula. Lakini anayemaliza samaki wadogo leo, kesho atarudi na kikapu kitupu.

Wulff alikufa mwaka 1991, mwenye miaka 86, akiwa anaendesha ndege ndogo.