Deni la Karata la Arnold Rothstein

Katika mji wetu wa Kigali, hasa tangu ilipotungwa sheria ya michezo ya kubahatisha mwaka 2011, nyumba za kamari zenye leseni zimekuwa jambo la kawaida machoni pa wapitao njia. Askari wa doria huzipita usiku taa zake zikiwa bado zawaka. Basi tumeona vema leo kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za mtu mmoja wa New York, Arnold Rothstein, ambaye maisha yake yote yalizunguka swali moja: tajiri achezaye kwa kujifurahisha akikaa meza moja na mtu alaye kwa mchezo huo huo, ni nani atakayeinuka na fedha? Rothstein alilijibu swali hilo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa upande wa mafundi, mara ya pili alikuwa upande wa matajiri, na hiyo ya pili ilimtoa roho.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1882 katika jamaa ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake, Abraham, alikuwa mfanyabiashara aliyesifika kwa uadilifu hata wenzake wakampa lakabu ya mwenye haki. Kaka yake alielekea masomo ya dini. Arnold akaelekea kwenye meza za biliadi. Aliacha shule akiwa na miaka 16 hivi, lakini hesabu alikuwa nazo kichwani kuliko walimu wengi, na akili hiyo aliitumia kukadiria dau. Hakuwa mlevi wala mvutaji. Wengine walipokuwa wakinywa, yeye alikunywa maziwa na kuhesabu.

Mwezi wa Novemba 1909, watu waliochoshwa na ushindi wake walimletea mtu kutoka Philadelphia aitwaye Jack Conway, kijana wa ukoo wa kitajiri, hodari wa kupanda farasi na hodari zaidi wa biliadi, ingawa hakuitegemea kwa riziki. Walikutana katika ukumbi wa John McGraw, yule mkufunzi mashuhuri wa besiboli. Mchezo ulianza Alhamisi usiku. Conway alitangulia kushinda. Rothstein akaomba waendelee, wakaendelea usiku kucha, na kutwa ya Ijumaa, na usiku tena, muda wa zaidi ya saa 30, mpaka mwenye ukumbi akawafukuza akihofia kwamba mmoja wao atamfia pale. Kufikia hapo Rothstein alikuwa amekwisha kumshinda mgeni wake na kuchukua maelfu ya dola. Ustadi wa wawili hao haukupishana sana. Waliyopishana ni haya: Conway aliposhindwa alirudi nyumbani kula chakula chake kama kawaida, lakini Rothstein hakuwa na pa kurudi. Miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa amemwoa Carolyn Green, mcheza tamthilia, na usiku wa arusi yenyewe alimwomba vito vyake akaviweke rehani apate mtaji.

Baada ya mchezo ule jina lake likavuma, naye akafungua nyumba yake ya kamari. Hapo ndipo alipofahamu jambo ambalo wacheza kamari wengi hufa bila kulifahamu, kwamba fedha haimo katika kucheza bali katika kuimiliki meza. Matajiri walimjia wenyewe. Mwana wa Gates, milionea aliyejulikana kwa kuweka dau kubwa mno, alipoteza pale fedha nyingi, na yasemekana mkubwa mmoja wa kampuni ya tumbaku ya Marekani aliacha dola 250,000 kwa usiku mmoja. Watu wa namna hiyo hawakusukumwa na njaa. Tajiri aliyezoea kushinda katika biashara huona aibu kukubali kwamba yupo mtu mwenye viatu vilivyochakaa amshindaye kwa akili, basi humwendea, na silaha yake ni kupandisha dau. Huipandisha mpaka fundi atetemeke, kwa kuwa fundi huchezea posho ya watoto wake, naye tajiri huchezea ziada. Mara nyingine mbinu hiyo hufaulu. Lakini meza ikiwa ni ya Rothstein, mwenye meza alikuwa na fedha nyingi vilevile, na subira kuwazidi.

Mwezi wa Januari 1919 alikuwa akiendesha mchezo wa dadu katika chumba kimoja cha ghorofani. Makachero wakagonga mlango kwa nguvu. Rothstein, akidhani ni wanyang'anyi, akafyatua bastola kupitia mlangoni, na askari wakapata majeraha mepesi. Katika nchi yoyote tunayoifahamu, kumpiga askari risasi akiwa kazini ni jambo zito. Kesi hii ilifutwa kwa kukosa ushahidi. Inspekta Dominick Henry, aliyekuwa akiziandama nyumba za kamari za sehemu ile, ndiye aliyejikuta baadaye kizimbani kwa shtaka la kusema uongo chini ya kiapo. Alitiwa hatiani, na hukumu hiyo ikaja kufutwa kwenye rufani.

Habari za fainali za besiboli za mwaka 1919, ambamo wachezaji wanane wa Chicago walituhumiwa kula rushwa ili washindwe na Cincinnati, twazipita kwa haraka kwa kuwa zimeandikwa mno. Rothstein alitajwa, alihojiwa Chicago mwaka 1920, wala hakushtakiwa. Wachezaji waliachiwa na mahakama mwaka 1921, lakini wakafungiwa maisha. Serikali ya Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920, yeye aligharimia magendo ya pombe na baadaye dawa za kulevya, na vijana kama Lucky Luciano na Meyer Lansky walijifunza kwake namna ya kuuendesha uhalifu kama kampuni. Kufikia mwaka 1928 alikuwa tajiri mwenye majumba, mkopeshaji wa wezi na wa mahakimu pia. Karata kwake zilikuwa sasa burudani.

Mwezi wa Septemba 1928 akaalikwa kwenye mchezo wa poka katika nyumba ya Jimmy Meehan. Aliyeuandaa ni George McManus. Mezani walikuwapo mabingwa kutoka magharibi ya nchi, Nate Raymond na Alvin Thompson aliyepachikwa jina la Titanic, watu ambao kazi yao duniani ilikuwa ni hiyo tu. Mchezo ulichukua siku mbili na zaidi. Rothstein alipoteza, akaongeza dau, akapoteza, akaliongeza tena. Ndiyo njia ya mtu anayeamini kwamba mfuko wake hauna kikomo: akiongeza maradufu kila apotezapo, ushindi mmoja utamrudishia yote. Hesabu hiyo yeye aliwahi kuwaangalia matajiri wakiifanya katika nyumba yake, akawachukulia fedha zao. Mwishoni hawakucheza poka tena, bali kila mtu alivuta karata moja na kubwa ndiyo ishindayo, kwa dau la makumi ya maelfu. Alipoinuka alikuwa akidaiwa zaidi ya dola 300,000.

Hakulipa. Alisema amedhulumiwa. Majuma yakapita, naye McManus, aliyekuwa kama mdhamini wa mchezo, akawa anabanwa na waliomshinda Rothstein. Usiku wa Jumapili, tarehe 4 Novemba, Rothstein aliitwa kwa simu akiwa katika mkahawa wa Lindy's. Akampa Meehan bastola yake amtunzie, akaenda Hoteli ya Park Central, chumba namba 349. Kabla ya saa tano usiku alikutwa kwenye mlango wa watumishi wa hoteli, ana jeraha la risasi tumboni. Makachero walimsihi amtaje aliyempiga. Akakataa mpaka mwisho. Alikufa tarehe 6 Novemba, siku ambayo Herbert Hoover alichaguliwa kuwa Rais, na Rothstein alikuwa amemwekea Hoover dau kubwa. Dau la marehemu halilipwi, kwa hiyo ushindi huo ukafa pamoja naye.

Wasomaji wetu wa polisi watapenda kujua upelelezi ulikwendaje. Koti la McManus lilikutwa chumbani, na bastola ilikuwa imetupwa barabarani. Hata hivyo McManus alijisalimisha mwenyewe karibu na mwisho wa mwezi huo, bila ya kukamatwa. Mwezi wa Desemba Kamishna wa Polisi, Joseph Warren, aliondoka katika cheo na nafasi yake ikachukuliwa na Grover Whalen. Kesi iliposikilizwa mwishoni mwa mwaka 1929, Titanic Thompson alitoa ushahidi kwamba mchezo ulikuwa wa haki, mashahidi wengine wakayumba, na jaji akaagiza mshtakiwa aachiwe. Hakuna mwingine aliyepata kuhukumiwa.

Kilichowatetemesha wakubwa wa mji kuliko mauaji yenyewe ni karatasi za marehemu. Hakimu Albert Vitale alidhihirika kuwa alikopeshwa na Rothstein karibu dola 20,000, akafukuzwa kazi mwaka 1930. Uchunguzi uliofuata, ulioongozwa na Samuel Seabury, ulimfikia hata Meya Jimmy Walker, akajiuzulu mwaka 1932. Wakati huo mawakili walikuwa wangali wanazihesabu mali za Rothstein, na kila walipofungua kabati moja walikuta deni jipya. Hatimaye ndugu yake alitangaza kwamba urithi umefilisika.