Helmholtz, daktari wa jeshi aliyewaachia mafundi hesabu ya tundu la bafle

Mjini Bunia, kama kwenye miji mingi ya mashariki mwa Kongo, bafle la besi linalopiga harusini, kanisani au kwenye nganda mara nyingi halikutoka dukani likiwa zima. Kilichonunuliwa ni spika na ampli. Sanduku limetengenezwa na fundi wa hapohapo kwa tripleksi, kole na misumari, na upande wa mbele fundi ametoboa tundu na kuingiza kipande cha tiyo la plastiki. Urefu wa tiyo hilo wengi huukadiria kwa macho, au huiga bafle la jirani. Ukikosewa, besi hugeuka kelele, na spika iliyomaliza akiba ya miezi mingi inaweza kupasuka kwa usiku mmoja.

Hesabu ya kulikata tiyo hilo ipo, na ina zaidi ya miaka 160. Msingi wake uliwekwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyekufa miaka mingi kabla ya bafle la kwanza la namna hiyo kutengenezwa.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 huko Potsdam, karibu na Berlin, katika ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wa mwalimu, huko kama kwingine, haukutosha. Kijana alitaka kusoma fizikia. Pesa za kumlipia hazikuwepo, lakini kulikuwa na mlango mwingine: chuo cha jeshi mjini Berlin kilisomesha udaktari bure, kwa sharti kwamba mwanafunzi alitumikie jeshi miaka kadhaa baada ya masomo. Mwaka 1838 Helmholtz aliingia humo. Fizikia na hesabu alijisomea pembeni. Aliwahi kuugua homa kali na kulazwa katika hospitali ya Charité. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, alitibiwa bure, na posho yake ikaendelea kujikusanya. Alipopona alikuwa na pesa za kununua hadubini, na kwa hadubini hiyo alifanya utafiti uliompa udaktari mwaka 1842.

Mwaka uliofuata alipelekwa Potsdam kuwa daktari wa kikosi. Humo kambini alijitengenezea maabara ndogo. Mwaka 1847, akiwa bado katika magwanda, aliandika kwamba nishati haizaliwi wala haipotei, bali hubadilika tu kutoka sura moja hadi nyingine. Mhariri wa jarida kubwa la fizikia la Ujerumani alilikataa andiko hilo, naye akalitoa kama kijitabu. Leo hufundishwa katika kila shule ya sekondari. Mwaka 1848 jeshi lilimwachilia kabla ya muda wake, na mwaka 1849 akawa profesa huko Königsberg. Alipima kasi ya ujumbe ndani ya mshipa wa fahamu wa chura akapata karibu mita 27 kwa sekunde, jambo ambalo mwalimu wake mwenyewe alidhani haliwezi kupimwa. Akabuni pia kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Madaktari wa macho, hata walioko Bunia, bado wanatumia vifaa vilivyotokana na hicho.

Mwaka 1858 alihamia Heidelberg. Mke wake wa kwanza, Olga, alifariki mwaka uliofuata na kumwachia watoto wawili. Mwaka 1861 alioa tena. Katika miaka hiyo migumu ndipo alipozama katika sauti.

Swali lake lilikuwa hili: kwa nini noti ileile ikipigwa kwa filimbi na kwa gitaa sikio huzitofautisha? Alishuku kwamba kila sauti ni mchanganyiko wa sauti nyingi. Ili kuzitenga, alitumia vibuyu vya kioo, baadaye vya shaba, vya ukubwa mbalimbali. Kila kimoja kilikuwa na mdomo upande mmoja na ncha ndogo upande wa pili, iliyozibwa kwa nta ndani ya sikio. Kila kibuyu kilikaa kimya mpaka noti yake yenyewe ipigwe, na hapo kilinguruma. Mwaka 1863 matokeo yalitoka katika kitabu kikubwa kuhusu jinsi sikio linavyopokea muziki.

Siri ya kibuyu inaonekana kwa yeyote aliyewahi kupuliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya Primus. Hewa iliyo shingoni ni kama mzigo mdogo, na hewa iliyofungwa tumboni ni kama rasoli inayousukuma na kuuvuta. Mzigo ukiwa mzito, yaani shingo ikiwa ndefu, sauti inashuka. Tumbo likiwa kubwa, sauti inashuka pia. Mdomo ukipanuliwa, sauti inapanda. Katika andiko la mwaka 1860 Helmholtz aliyaweka hayo katika hesabu. Hakusahau jambo moja ambalo mafundi wengi husahau: hewa iliyo nje kidogo ya ncha zote mbili za bomba hutembea pamoja na ile ya ndani, hivyo bomba hufanya kazi kana kwamba ni refu kuliko linavyopimwa kwa metre.

Mengine ya maisha yake yalikuwa ya heshima. Mwaka 1871 alipata hatimaye kiti cha profesa wa fizikia mjini Berlin, yaani somo lililomshinda kulipia ujanani, akiwa na karibu miaka 50. Mwanafunzi wake Heinrich Hertz alithibitisha mawimbi ya redio, na jina lake ndilo limeandikwa kwenye kila spika kama kipimo cha mtetemo. Hertz alikufa kijana, tarehe 1 Januari 1894, na mwalimu wake mzee ndiye aliyemwandikia utangulizi wa kitabu chake cha mwisho. Mwaka 1893 Helmholtz alikuwa amesafiri Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wakati wa kurudi alianguka kwenye ngazi za meli, na afya yake haikurudi kama zamani. Alifariki tarehe 8 Septemba 1894, siku nane baada ya kutimiza miaka 73.

Mwaka 1930, katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, Albert Thuras aliomba hataza ya sanduku la spika lenye mdomo uliopimwa, akaipata mwaka 1932. Kibuyu cha Heidelberg kilikuwa kimegeuka bafle. Sauti ya nyuma ya spika, ambayo zamani ilipotea ndani ya sanduku, sasa inasukuma hewa ya bombani na kutoka mbele kuongeza besi. Mahali ambapo umeme hutoka kwenye jenereta au paneli ya jua, hilo si jambo dogo: besi inaongezeka bila kununua ampli kubwa zaidi.

Tuchukue sanduku ambalo ndani yake lina sentimita 50 kwa 40 kwa 30, yaani lita 60, baada ya kutoa nafasi inayoliwa na spika na bomba lenyewe. Fundi anataka lingurume kwenye hertz 35, chini kidogo ya uzi mzito wa gitaa la besi, ulio kwenye hertz 41. Kwa bomba la kipenyo cha sentimita 10, hesabu inatoa urefu wa karibu sentimita 32, na ukitoa zile 7 zinazoongezwa na hewa ya nje, bomba linakatwa sentimita 25. Bomba la kipenyo cha sentimita 5 lingetosha kwa urefu wa sentimita 4 na kidogo, lakini hewa ingepita kwa kasi na kupiga mluzi. Fundi akitoboa tundu la pili lenye bomba kama lile la kwanza, akitumaini kuongeza besi, sanduku linapanda hadi karibu hertz 49; ili kurudi 35, kila bomba litahitaji karibu sentimita 57.

Hatari kubwa iko kwenye tundu tupu lisilo na bomba. Tundu la sentimita 10 kwenye ubao wa sentimita 1.8 linapeleka sanduku hilohilo hertz 62. Chini ya hapo hewa ya sandukuni haiishiki tena karatasi ya spika. Mpiga besi anashuka kwenye uzi wake mzito, karatasi inaruka mbele na nyuma bila breki, na bobini inagonga hadi inaharibika.

Mwinuko wa Bunia, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, haubadilishi urefu wa bomba, kwa sababu kasi ya sauti hufuata joto, si wepesi wa hewa. Kinachofaa kuangaliwa ni ncha ya ndani: iachwe mbali na ukuta wa nyuma angalau kwa kipimo cha kipenyo chake. Bomba likatwe refu kwanza. Kisha simu yenye programu ya kutoa sauti za majaribio iunganishwe na ampli kwa sauti ndogo, na hertz zipandishwe polepole kutoka 20. Pale karatasi ya spika inapokaribia kusimama huku upepo ukitoka kwa nguvu bombani, ndipo sanduku lilipo. Likiwa chini mno, bomba linapunguzwa sentimita moja moja.