Marie Curie na Mionzi Iliyomo Miilini Mwetu

Neno mionzi huwatia watu hofu, na hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, wasomaji wetu wengi, walioko nyumbani na walioko ughaibuni, huenda hawajui kwamba kila mwanadamu anayo mionzi mwilini tangu tumboni mwa mama yake hadi kaburini. Leo tunayatazama maisha ya mwanamke aliyeupa unururifu jina lake, na ambaye mwili wake ulilipa gharama.

Maria Skłodowska alizaliwa Warsaw tarehe 7 Novemba 1867. Wakati huo Poland haikuwemo kwenye ramani. Warsaw ilitawaliwa na Urusi, na chuo kikuu chake hakikupokea wanawake. Alifundisha watoto majumbani kwa watu ili kumsaidia dada yake kusomea udaktari Paris, kisha mwaka 1891 naye akamfuata. Huko aliolewa na mwanafizikia Pierre Curie mwaka 1895.

Mwaka 1898 wawili hao walitangaza elementi mbili mpya. Ya kwanza waliiita poloniamu, kwa heshima ya Poland. Sisi tunaoandika tukiwa mbali na makwetu tunaelewa uzito wa jina hilo: nchi iliyofutwa na wakubwa ilirudishwa duniani kupitia kitabu cha sayansi. Ya pili ni radiamu.

Marie alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1903, pamoja na mumewe na Henri Becquerel. Pierre aligongwa na gari la farasi akafariki mwaka 1906. Mjane huyo aliendelea na kazi, akapata Nobel ya kemia mwaka 1911. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walimchangia dola 100,000 za kununulia gramu moja tu ya radiamu. Mwaka uliofuata Wabelgiji walianza kuzalisha radiamu kutokana na mawe ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, na bei ikashuka.

Hapa ndipo hesabu inapotufundisha. Katika gramu moja ya radiamu, atomi zipatazo bilioni 37 huvunjika kila sekunde. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban gramu 140 za potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hutoa mionzi: atomi zaidi ya 4,000 kila sekunde. Kaboni ya mwilini huongeza nyingine zipatazo 3,000. Ni kiasi kidogo mno, na miili yetu imeishi nacho tangu enzi za mababu. Anayekula ndizi au maharage kwa wingi hajirundikii mionzi, kwani figo hutoa potasiamu iliyozidi.

Radiamu haina adabu hiyo. Mwili huidhania kuwa ni kalisi, ukaipeleka mifupani, nayo hukaa humo miaka mingi. Katika miaka ya 1920 maji ya radiamu yaliuzwa Marekani kama dawa ya nguvu. Tajiri Eben Byers aliyanywa kwa mamia ya chupa, taya likaoza, akafariki mwaka 1932.

Marie naye alifariki tarehe 4 Julai 1934, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Mabaki yake yalipohamishiwa Panthéon mwaka 1995, wataalamu walikuta mionzi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Waliona kuwa huenda aliathiriwa zaidi na eksirei alizowapiga majeruhi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bila kinga ya kutosha.

Funzo ni kwamba swali la kuuliza si kama kitu kina mionzi, bali ni ya aina gani, ni kiasi gani, na inakaa wapi mwilini. Asiogopeshwe mtu na ndizi yake. Lakini akiuziwa jiwe au maji ya miujiza yenye mionzi ya kuleta afya, basi na amkumbuke Byers, na afunge pochi yake.