Hans Krebs: Mkimbizi aliyefumbua siri ya mbegu

MBEGU ya mbarika huota gizani, chini ya udongo. Ili mche uchipuke kabla haujaona jua, sharti mafuta yaliyo ndani ya mbegu yageuzwe kuwa sukari. Aliyesaidia kufumbua siri hiyo ni Hans Krebs, daktari aliyefukuzwa kazi nchini mwake.

Krebs alizaliwa Agosti 25, 1900, mjini Hildesheim, Ujerumani. Mnamo 1932 alieleza jinsi ini linavyotengeneza urea. Mwaka uliofuata, utawala wa Hitler ulimwachisha kazi kwa kuwa alikuwa na asili ya Kiyahudi, naye akahamia Uingereza.

Akiwa Sheffield mwaka 1937, aligundua mzunguko wa asidi ya sitriki, ambao huzipa seli nguvu kutokana na chakula. Jarida la Nature halikuichapisha taarifa yake, ila hakukata tamaa. Aliitoa kwingine, na ugunduzi huo ukamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Mnamo 1957, yeye na Hans Kornberg, mkimbizi mwenzake kutoka Ujerumani, walieleza mzunguko wa glioksileti, unaowezesha mimea, kuvu na bakteria kutumia mafuta kujenga sukari. Binadamu hana uwezo huo.

Krebs alikuwa hai mwaka 1967, wakati Harry Beevers na Bill Breidenbach, nchini Marekani, walipotenga kutoka mbegu za mbarika vifuko vidogo vyenye utando mmoja, ambamo kazi hiyo hufanyika. Vikaitwa glioksisomu.

Alifariki mjini Oxford, Novemba 22, 1981.